Polisi Asichukie Riwaya za Upelelezi

Yako malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika mabwalo ya askari na katika vituo vya polisi, kila kitabu cha upelelezi kinapopita kutoka mkono hadi mkono. Malalamiko yenyewe ni kwamba waandishi wa riwaya hizo wamejiwekea desturi ya kumfanya polisi kichekesho. Mwenye akili huwa raia, tena raia asiye na kazi ya kueleweka, aketiye nyumbani akivuta kiko chake. Polisi huja na viatu vizito, akakanyaga nyayo za mwuaji zilizokuwa bustanini, akamtia pingu mtu asiye na hatia, kisha mwisho wa kitabu akasimama kando kama mtoto wa shule huku raia yule akieleza jinsi mambo yalivyokwenda. Askari aipendaye kazi yake husoma hayo akaudhika.

Maudhi hayo hayakukosa asili. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe wa Marekani aliandika hadithi ya mauaji ya Rue Morgue, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina hii, na humo polisi wa Paris wanashindwa na kitendawili kinachofumbuliwa na bwana mmoja apendaye kukaa gizani na vitabu vyake. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle wa Uingereza alituletea Sherlock Holmes, na pamoja naye Inspekta Lestrade, ambaye tangu siku hiyo hajapata kusifiwa na mtu ila kwa kumwonea huruma. Na huku kwetu Afrika ya Mashariki, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipomwumba Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, hakusahau kumtia Inspekta Seif, afisa ambaye kila mara hana budi kumngojea mtu asiye na cheo amwonyeshe njia. Ukoo wao ni mmoja.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba askari anayevitupa vitabu hivi kwa hasira hutupa kitu chenye manufaa kwake kuliko kwa msomaji mwingine ye yote. Kinachochekwa humo si sare wala beji. Kinachochekwa ni tabia moja tu, nayo ni tabia ya kumjua mwenye kosa kabla ya kujua kosa lilivyotendeka. Tabia hiyo waandishi hawakuibuni. Waliikuta duniani, na Conan Doyle mwenyewe alipambana nayo mara mbili nje ya vitabu vyake, katika maisha ya watu wa nyama na damu.

Yafaa ijulikane kwamba Conan Doyle hakuwa adui wa watu wa amri. Alikuwa daktari aliyesomea Edinburgh, na mwalimu wake Joseph Bell, aliyeweza kumtazama mgonjwa mgeni akataja kazi yake na alikotoka, ndiye aliyempa mfano wa Holmes. Katika vita vya Makaburu alitibu askari katika hospitali ya Bloemfontein mwaka 1900. Mtu wa namna hiyo anaposema kwamba polisi wamekosea, yafaa asikilizwe.

Tarehe 21 Desemba 1908, mjini Glasgow, bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, Marion Gilchrist, aliuawa kwa kupigwa ndani ya nyumba yake. Mtumishi wake alikuwa ametoka kwa dakika chache tu kwenda kununua gazeti. Aliporudi alimkuta mlangoni jirani wa chini, ambaye alikuwa amesikia vishindo akapanda kutazama. Walipofungua mlango, mwanamume mmoja akatoka ndani kwa utulivu, akawapita, akateremka ngazi, akatokomea. Pambo moja la kifuani lenye almasi halikuonekana tena. Siku chache baadaye polisi walipata habari kwamba Myahudi mmoja wa Kijerumani, Oscar Slater, mcheza kamari asiye na sifa njema mjini, alikuwa akitembeza stakabadhi ya rehani ya pambo la almasi, naye amekwisha panda meli kwenda New York. Ikaonekana kazi imekwisha.

Kumbe pambo lile halikuwa la marehemu, na lilikuwa limewekwa rehani zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mauaji. Stakabadhi iliyowapeleka polisi kwa Slater ndiyo hiyo hiyo iliyomwondoa katika kesi. Ofisa anayefuata ushahidi angaliiweka mezani, akaitazama tarehe yake, akaanza upya. Lakini wakubwa wa Glasgow walikuwa wamekwisha pata mtu. Kilichobaki ni kumtafutia kosa. Mashahidi walivushwa bahari mpaka New York kwenda kumtambua, na kabla ya kumtambua walionyeshwa picha yake. Askari ye yote aliyewahi kusimamia gwaride la utambulisho anajua maana ya jambo hilo: shahidi aliyeonyeshwa picha hamtambui tena mtu aliyemwona usiku ule, anaitambua picha.

Slater alikubali kwa hiari yake kurudi Uskochi kujibu mashtaka. Mwezi Mei 1909 alihukumiwa kunyongwa. Kati ya wazee wa baraza 15, 9 walisema ana hatia, 5 walisema kosa halikuthibitika, na 1 akasema hana hatia. Zikiwa zimesalia siku mbili tu anyongwe, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa kupasua mawe katika gereza la Peterhead. Mwaka 1912 Conan Doyle aliandika kijitabu akiichambua kesi hiyo kipengele kwa kipengele, kama Holmes angalivyofanya. Serikali haikutikisika.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kila askari angefaa kulijua jina lake. Ni John Thomson Trench, luteni katika idara ya upelelezi ya polisi ya Glasgow yenyewe. Mwaka ule ule wa 1912 alitumwa kusaidia upelelezi wa mauaji katika mji mdogo wa Broughty Ferry, ambako mashahidi kadhaa walikuwa wamekwisha mtambua mtu mmoja na kuapa kwamba ndiye. Mtu yule alidai kwamba wakati huo alikuwa Antwerp, Ubelgiji, na kwamba shida ilimfanya aweke rehani kizibao chake huko. Trench hakumcheka. Alisafiri mpaka Antwerp, akakitafuta kizibao, akakipata. Mtuhumiwa akaachiliwa huru. Mpelelezi aliyeona mashahidi wengi wakikosea kwa pamoja, tena kwa nia safi, hawezi tena kuitazama kesi kama ya Slater kwa macho yale yale.

Trench alikuwa amefanya kazi katika upelelezi wa kesi ile. Alisema kwamba usiku wa mauaji mtumishi alimtaja mtu mwingine aliyemfahamu, na kwamba maelezo ya jambo hilo hayakupata kufikishwa mahakamani. Mwaka 1914 aliyakabidhi mambo hayo kwa wakili mmoja ili yafike serikalini. Uchunguzi ulifanyika faraghani, mashahidi wasiapishwe, ukamalizika pasipo kubadili neno. Slater alibaki gerezani, na Trench akafukuzwa kazi kwa kutoa siri za kazi nje. Mwaka uliofuata yeye na wakili yule walifikishwa mahakamani kwa tuhuma nyingine isiyohusiana na kesi hii. Jaji mwenyewe aliwaelekeza wazee wa baraza wawaachie. Wakati huo Trench alikuwa amekwisha jiunga na jeshi, katika kikosi cha Royal Scots Fusiliers.

Najua mwenzangu mmoja atasema kwamba kanuni ni kanuni, na karatasi za kazi hazitoki nje ya kazi. Nami nimefundishwa hivyo katika chuo cha maofisa, na kazi yangu ya uhusiano huniweka kila siku mbele ya kanuni hiyo. Sitaki ivunjwe na kila koplo mwenye kinyongo. Lakini kanuni ya siri iliwekwa ili adui asijue tulipo na tulivyo. Katika kesi ya Slater adui alikuwa nani? Aliyefichwa habari alikuwa jaji, na aliyelipa gharama alikuwa mfungwa. Ofisa mwenye ushahidi wa kumwokoa mtu asiye na hatia, ambaye wakubwa wake hawataki kuupokea, yuko katika shida ambayo hakuna kijitabu cha kanuni nilichokisoma kinachoimaliza, na mimi sitajidai kuimaliza katika ukurasa huu.

Kesi ya pili, ambayo kwa tarehe ndiyo iliyotangulia, nitaieleza kwa ufupi. Mwaka 1903 katika kijiji cha Great Wyrley, Uingereza, farasi na ng'ombe walikuwa wakikatwa matumbo usiku na mtu asiyejulikana. Polisi walimkamata George Edalji, wakili kijana, ambaye baba yake alikuwa kasisi wa kijiji mwenye asili ya Kihindi. Alifungwa miaka 7, akaachiliwa baada ya 3 pasipo kutangazwa kuwa hana kosa. Conan Doyle alipokwenda kuonana naye katika ukumbi wa hoteli, alimkuta akisoma gazeti huku amelisogeza karibu kabisa na uso. Daktari yule alijua papo hapo kwamba macho kama hayo hayawezi kuvuka mashamba, mitaro na njia ya reli katika giza. Jambo jingine alilolishikilia lingefaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha vielelezo: koti la mtuhumiwa lilikuwa limewekwa pamoja na kipande cha ngozi ya farasi aliyeuawa, kisha nywele za farasi zilizokutwa juu ya koti zikatolewa mahakamani kama ushahidi. Mwaka 1907 Edalji alisamehewa, lakini hakupewa fidia hata senti moja. Hata hivyo kilio cha kesi hiyo, pamoja na kile cha Adolf Beck aliyefungwa kwa kufananishwa na mtu mwingine, kilisaidia kuifanya Uingereza ianzishe mahakama ya rufani ya jinai mwaka huo huo.

Msomaji akishajua hayo, akirudi kwa Lestrade atamwona kwa jicho jingine. Mzaha ule una maiti nyuma yake.

Katika riwaya zote za Conan Doyle ningemchagulia askari The Hound of the Baskervilles, iliyotoka kitabuni mwaka 1902. Bwana mmoja wa ukoo mkubwa amekutwa amekufa karibu na nyumba yake, pasipo jeraha, uso umekunjamana kwa hofu, na karibu yake kuna nyayo za mbwa mkubwa. Kijiji kizima kina jibu tayari: ni mbwa wa jinamizi anayeuandama ukoo ule tangu enzi za mababu. Nyayo za marehemu zinaonyesha kwamba kuanzia mahali fulani alikanyaga kwa ncha za vidole tu, na watu wakasema alikuwa akinyata. Holmes akauliza kwa nini mtu mzima anyate katika bustani yake mwenyewe. Alikuwa akikimbia, akikimbia kuokoa roho yake mpaka moyo ukapasuka. Alama ni zile zile. Kilichobadilika ni fikira ya mwenye kuzitazama. Na jinamizi lenyewe, asiyekisoma kitabu anisamehe, lilikuwa mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi mdomoni na binadamu mwenye tamaa ya urithi.

Weka kando ya kitabu hicho Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichopata tuzo katika mashindano ya uandishi ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Humo pia maiti inakutwa mahali ambapo watu wamezoea kupahofu, penye mzimu, na akili ya jirani inakimbilia kwa pepo kabla ya kukimbilia kwa mtu. Bwana Msa anakataa. Hawatukani wanaoamini, wala hacheki mila. Anauliza tu nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika. Wengine humlaumu Abdulla kwamba alimwiga Mwingereza. Kweli kiko na rafiki msimuliaji vimetoka kwa Holmes, hilo halina ubishi. Lakini mzimu ni wetu, na uvumi wa baraza la kahawa ni wetu, na Kiswahili kile cha Unguja, chenye utani na mafumbo, hakikuazimwa kwa mtu. Sisi hapa Uganda, ambao wengi wetu tulikipata Kiswahili gwarideni kabla ya kukipata kitabuni, tuna faida ya pili ya kukisoma: tunajua amri kwa Kiswahili, lakini ni mara chache tunapata kuona lugha hiyo ikifikiri.

Nasisitiza vitabu hivi viwili kwa sababu ya jambo ambalo konstebo wa kijijini analijua kuliko mimi. Anapofika penye maiti, huwakuta watu wamekwisha hukumu. Ni mchawi fulani, ni mgeni yule, ni mke mdogo. Fimbo zimekwisha shikwa. Mara nyingi adui wake wa kwanza si mwuaji, ni uhakika wa kundi la watu, na kundi hilo lina jamaa zake, lina watu wa ukoo wake, lina kelele nyingi. Kulizuia yataka nguvu, lakini yataka kwanza kichwa ambacho chenyewe hakijahukumu. Riwaya nzuri ya upelelezi humzoeza mtu kukaa kurasa 200 bila kuhukumu, tena kwa raha, jambo ambalo mihadhara yetu haijaliweza.

Anayetaka kumwona polisi akiheshimiwa naye atampata. Mwaka 1868 Wilkie Collins alitoa The Moonstone, riwaya ndefu juu ya kito kilichoibwa katika nyumba ya wakubwa, na shujaa wake ni Sajini Cuff, mtu mkavu apendaye maua ya waridi. Kabla yake anakuja mkubwa wa polisi wa mahali pale, ambaye anawakaripia watumishi na kuidharau alama ndogo ya rangi iliyochafuliwa mlangoni. Cuff anaanzia hapo hapo kwenye rangi. Tena Cuff anakosea, anamshuku asiyehusika, na baadaye anarudi na kujisahihisha, akaandika jina la mwizi wa kweli ndani ya bahasha iliyofungwa. Collins alikuwa amesoma habari za ofisa wa kweli, Jonathan Whicher wa Scotland Yard, ambaye mwaka 1860 alimshuku binti wa miaka 16 wa nyumba ya heshima kwa mauaji ya mdogo wake. Whicher alisutwa na magazeti kwa kuthubutu, yeye mtu wa chini, kumgusa binti wa bwana, akavunjika moyo akaacha kazi. Mwaka 1865 binti akakiri mwenyewe.

Naye Georges Simenon, Mbelgiji aliyeandika kwa Kifaransa, alimpa Komishna Maigret wa Paris riwaya 75. Maigret hana miujiza. Anakaa katika mkahawa wa mtaa, anakunywa, anasikiliza mwenye nyumba, mfuaji nguo, mwenye duka, mpaka anajua marehemu aliishije. Akishajua hivyo, mwuaji hayuko mbali. Kwa maoni yangu hakuna mwandishi aliyemwelewa polisi wa zamu ya usiku kama yeye, na nasikitika kwamba havimo katika Kiswahili.

Kwa Agatha Christie sina maneno mengi. Nyumba zake za matajiri wanaokunywa chai huku wakiuana huchosha. Lakini sumu alizijua kweli, kwa kuwa katika vita vya 1914 alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali. Mwaka 1977 mtoto aliyeletwa London kutoka Qatar alikuwa akifa kwa ugonjwa ambao madaktari hawakuufahamu; nesi aliyekuwa akisoma kitabu cha Christie cha mwaka 1961, The Pale Horse, aliona nywele za mtoto zikinyonyoka kama za wahanga wa kitabuni, akataja madini ya thaliamu. Walipopima waliikuta, na mtoto akapona. Kitabu cha shilingi chache kilifanya kazi hiyo.

Najua vijana wa kambini watauliza juu ya Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona, kilichotoka mwaka 1974, kimekaa chini ya mito mingi kuliko kitabu kingine chochote ninachokijua, nami nimekisoma kwa usiku mmoja. Hakina kosa kama burudani. Lakini Gamba huupata ukweli kwa ngumi na bastola, na anayepigwa hukiri ukweli kila mara. Hapo ndipo kitabu kinapodanganya, na uongo huo ni wa hatari kwa msomaji mwenye funguo za mahabusu mfukoni. Mtu anayepigwa husema lile litakalosimamisha kipigo. Mpelelezi huandika, hufunga jalada, hupata sifa, na mwuaji wa kweli huendelea kununua sigara katika duka la jirani.

Hata vitabu vizuri vina uongo wao. Holmes hukusanya watu, hueleza, na mwenye kosa hukiri mbele ya wote. Hakuna anayemwuliza kielelezo kililala wapi usiku ule na nani alikuwa na ufunguo wa kabati. Mahakama zetu huuliza. Kwa hiyo msomaji achukue kwao namna ya kutazama, na utaratibu autafute katika sheria.

Maktaba za kambi nilizoziona zina vitabu vya siasa vilivyotolewa bure na riwaya za mapenzi zisizo na jalada. Ningeomba makamanda watenge fedha kidogo kwa rafu moja. Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi vitangulie, kwa wasomao Kiswahili tu. Kisha Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965. Kwa wasomao Kiingereza, Holmes na Sajini Cuff. Na atakayeweza kukipata kile kijitabu cha mwaka 1912 cha Conan Doyle akiweke hapo hapo, na ndani ya jalada abandike karatasi yenye tarehe hizi: Oscar Slater alitoka gerezani Novemba 1927, baada ya zaidi ya miaka 18, hukumu yake ilifutwa mwaka 1928, akapewa pauni 6,000. Luteni Trench alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1919.